Wasomaji 63

Kila Jumatatu usiku, kabla sijaigusa mitihani ya wanafunzi inayonisubiri mezani, nina tabia ambayo sijawahi kuikiri hadharani. Ninafungua kompyuta, ninaingia upande wa nyuma wa tovuti yangu, na ninatazama jedwali la wageni: wamekuja wangapi wiki hii, wametoka wapi, wamesoma nini, wamekaa kwa muda gani. Namba zikipanda, ninasahihisha mitihani kwa moyo mweupe. Zikishuka, wanafunzi wangu wasio na hatia hukutana na kalamu nyekundu iliyokolea kuliko kawaida. Ninalisema hili kwa haya, maana ninafundisha mbinu za utafiti, na kila mwaka ninawaonya vijana wasiiamini takwimu ambayo hawajui ilikusanywaje.

Mwezi Juni mwaka jana jedwali hilo lilinionyesha jambo lililonikosesha usingizi. Juu kabisa palikuwa na makala niliyoiandika kwa dakika 40 kuhusu wanasiasa wawili waliokuwa wakirushiana maneno. Ilikuwa imepata wageni 4,812. Chini kabisa palikuwa na makala kuhusu lumbesa katika Bonde la Kilombero, niliyoiandika kwa wiki tatu. Niliuliza bei, nilipima magunia kwa mzani, nilisoma Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na nilijaribu kueleza kwa nini mkulima wa mpunga anaendelea kufungasha gunia lenye kilemba wakati sheria inakataza. Makala hiyo ilikuwa na wageni 63.

Msomaji asidhani kwamba namba hiyo iliniumiza kwa sababu ya sifa peke yake. Iliniumiza kwa sababu nilianza kuitii. Nilikuwa na rasimu kuhusu mafuriko ya Mto Lumemo, nikaiweka kando. Nilikuwa na nyingine kuhusu maofisa ugani, nikaiacha nusu. Badala yake nilianza kuvizia nani kamtukana nani, na kutafuta vichwa vya habari vyenye chumvi. Hakuna aliyenishurutisha. Hakuna mhariri aliyenipigia simu wala mkubwa aliyenionya. Jedwali tu, lisilo na mdomo, lilikuwa likinifundisha kidogo kidogo cha kuandika na cha kunyamazia.

Bili ya mwaka ya kuhifadhi tovuti ilikuwa inadaiwa mwezi wa saba. Nikamwambia mke wangu kwamba sioni sababu ya kuilipa. Kama ninachokijali hakisomwi, na kinachosomwa sikijali, ya nini gharama? Akanijibu, “Amua, lakini usiamue ukiwa umekasirishwa na kompyuta.” Nikaahirisha uamuzi, nikaenda nyumbani.

Nyumbani ni Katindiuka, kata ya mji wa Ifakara. Anayefika Julai hukuta mpunga umetoka shambani, maturubai yametandazwa nje ya nyumba, na vumbi la pumba linaelea hewani kutoka kwenye mashine za kukoboa. Mama alikuwa na magunia yake manne. Asubuhi ya pili tukayapakia kwenye guta, nami nikafuatana nayo hadi mashineni.

Ndani ya kibanda cha mashine, kwenye nguzo, chini ya kibao cha bei ya kukoboa, zilikuwa zimebandikwa karatasi mbili. Zilikuwa zimegeuka rangi kwa vumbi, na pembe zake zimekunjamana kwa kushikwashikwa. Nilisogea nikasoma mstari wa kwanza, nikasimama pale pale. Ilikuwa ni ile makala yangu ya lumbesa.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake akisubiri zamu aliniona nikiikodolea macho.

“Shikamoo mzee,” nikamwambia.

“Marahaba, mwanangu. Soma, soma. Hiyo inatuhusu.”

“Mzee, aliyeiandika ni mimi.”

Akanitazama kutoka viatu hadi miwani. “Wewe ni mtoto wa nani?”

Nikamtajia jina la mama. Akatikisa kichwa, akaonekana kuridhika na ushahidi huo kuliko jina langu lililochapwa chini ya ukurasa. Kisha akasema, “Umeandika vizuri. Ila umekosea mahali.”

Nitarudi kwenye kosa hilo. Kwanza nilitaka kujua karatasi zile zilifikaje pale. Nikaelekezwa kwa kijana mwenye steshenari hatua chache kutoka mashineni. Alinieleza kwamba mkulima mmoja alimletea simu yenye maneno hayo, yaliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, akaomba amchapie kwa kuwa macho yake hayakiwezi kioo kidogo. Mwingine akaiona, naye akaomba yake. Mjumbe wa mtaa akachukua nakala kwenda kuisoma kwenye mkutano. “Ila Daktari, ilipofika kwangu hata jina lako lilikuwa limekatwa,” akasema. “Nililitafuta mimi nikaliongeza.” Nikamuuliza ametoa nakala ngapi. Hakuwa amehesabu.

Jioni ile, nikiwa nimekaa chini ya mwembe wa mama, nilifungua jedwali langu kwa simu na kutafuta wale wageni 63 walitoka miji gani. Dar es Salaam 29. Ashburn 17. Dodoma 6. Morogoro 4. London 3. Wanne walikuwa wametawanyika kwingineko. Ifakara hakukuwa na hata mmoja.

Nikaazima simu ya mama. Nikaifungua makala kwa laini yake, nikaishuka polepole hadi mwisho kama msomaji wa kweli, nikasubiri. Baada ya dakika chache jedwali likaongeza mgeni mmoja. Lilisema ametoka Dar es Salaam. Nilikuwa nimeketi Katindiuka, harufu ya mpunga mpya ikinijia puani, na chombo nilichokuwa nikikiamini kwa miaka kilikuwa kinaniambia kwamba niko Dar es Salaam.

Ni vyema nieleze mambo haya yanavyofanya kazi, maana wengi wetu tunatajiana namba za wageni wa mtandaoni, katika asasi, katika wizara na hata katika maombi ya ufadhili, bila kujua ndani yake mna nini.

Unapofungua ukurasa, simu yako hutuma ombi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Ukurasa wenye picha kumi hauombwi mara moja: yanaombwa maandishi, kisha kila picha, kisha mapambo yake. Seva huandika kila ombi kwenye daftari lake. Zamani wenye tovuti walipenda kutangaza idadi ya maombi hayo, kwa sababu ni kubwa. Ukitaka kuikuza zaidi, ongeza picha. Baadaye zikaja hesabu za kurasa zilizofunguliwa, kisha za “matembezi”, kisha za “wageni”. Majina haya yanasikika kama majina ya watu, lakini chombo hakimwoni mtu. Kinaona anwani ya intaneti, aina ya kivinjari, na alama ndogo iliyoachwa ndani ya simu. Kwa desturi ya programu nyingi, ukikaa kimya dakika 30 kisha ukaendelea kusoma, umeshakuwa matembezi mawili. Ukisoma kwa kompyuta ya ofisini na baadaye kwa simu yako, umekuwa wageni wawili. Na familia ya watu watano inayotumia simu moja ni mgeni mmoja.

Muda wa kusoma nao una kichekesho chake. Kwa hesabu ya kizamani, programu hutoa saa ya ombi la kwanza kwenye saa ya ombi la mwisho. Msomaji aliyefungua ukurasa mmoja, akausoma kwa dakika 20 kwa makini, kisha akauzima, hakutuma ombi la pili, kwa hiyo anaandikiwa sekunde 0. Aliyerukaruka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine bila kusoma hata mmoja ndiye anayeonekana mwenye bidii.

Mahali anapotoka mgeni hapaonekani. Panakisiwa kutokana na anwani yake ya intaneti. Kampuni za simu hazina anwani za kumpa kila mteja yake, kwa hiyo simu nyingi hutoka nje kwa anwani moja ya pamoja, kupitia mitambo ambayo mara nyingi husomeka kuwa iko Dar es Salaam. Ndiyo maana mkulima wa Katindiuka, mvuvi wa Kilwa na muuguzi wa Mpanda wote wanaweza kuandikwa wakazi wa Dar es Salaam. Anayetumia kivinjari cha kubana matumizi ya data kama Opera Mini anaweza asionekane hata Tanzania, kwa kuwa ukurasa hupitia kwanza kwenye seva za kampuni yenyewe, na seva ndizo zinazogonga mlango wangu.

Na Ashburn je? Ni mji mdogo katika jimbo la Virginia, Marekani, wenye moja ya misongamano mikubwa ya maghala ya seva duniani. Wale 17 hawakuwa Wamarekani walioguswa na dhiki ya mkulima wa mpunga. Zilikuwa programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikinakili kurasa, nyingine kwa ajili ya mitambo ya kutafutia habari, nyingine kwa ajili ya matangazo, nyingine zikitafuta tundu la kuingilia. Vihesabio vingi hujaribu kuzichuja, lakini zinazojifanya watu hupenya. Kwa namna hiyo jedwali langu lilikuwa limewahesabu 17 wasio na macho, na halikumhesabu hata mmoja wa wale walioikunjamanisha karatasi pale kwenye nguzo.

Wakulima wetu wana neno kwa gunia la namna hii. Gunia la lumbesa ni moja kwa hesabu, lakini ndani yake limebeba zaidi ya moja, na anayepunjwa ni yule aliyelijaza kwa jasho lake. Makala yangu ya wanasiasa ilikuwa lumbesa ya kinyume: imevimba juu, na ndani mmechanganyika pumba. Niliporudi kazini nilikaa usiku mbili na daftari la seva nikilipepeta, nikiondoa anwani zilizojulikana kuwa za mashine na zile zilizofungua kurasa kwa kasi isiyowezekana kwa jicho la binadamu. Wale 4,812 walibaki 1,930. Bado ni wengi, nami sisemi hawakuwa wasomaji. Ninasema tu kwamba sikuwa na haki ya kuiendesha kalamu yangu kwa namba ambayo zaidi ya nusu yake ilikuwa hewa.

Msomaji anaweza kusema: basi tuache kuhesabu, tuandike kwa moyo. Siwezi kusema hivyo, na sababu inayonizuia iko pale pale nyumbani.

Bonde la Kilombero limehesabiwa kwa makini kuliko sehemu nyingi za Afrika. Maabara ndogo iliyoanzishwa na Waswisi pale Ifakara katika miaka ya 1950 ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Kuanzia mwaka 1996, katika vijiji kadhaa vya wilaya za Kilombero na Ulanga, wadadisi walianza kwenda nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne. Waliandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani ameondoka. Mtoto akifariki, alirudi mtu kukaa na mama wa marehemu na kumsikiliza, ili ijulikane amekufa kwa nini. Mama anawakumbuka wadadisi wa namna hiyo kutoka vijijini kwa ndugu zetu: vijana wenye baiskeli na madaftari, ambao baada ya miaka michache walijua majina ya watoto wa kila kaya.

Kuhesabu huko kulizaa nini? Katika miaka hiyo hiyo bonde lilikuwa likijaribu kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei ambayo mwananchi anaweza kuimudu. Kwa kuwa kila mtoto alikuwa anajulikana, ilikuwa rahisi kulinganisha waliolala ndani ya chandarua na wasiolala. Mwaka 2001 matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet: chandarua chenye dawa kiliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Mwaka 2004 nchi ikaanzisha mpango wa Hati Punguzo kwa wajawazito, ili wapate chandarua kwa bei nafuu, na ushahidi wa bonde letu ulikuwa miongoni mwa yaliyoupa nguvu. Asilimia 27 ni namba kavu, lakini ilipatikana kwa mtu kupiga hodi, kukaa kwenye mkeka na kurudi tena baada ya miezi minne. Kihesabio changu hakijawahi kupiga hodi kwa mtu.

Hata hivyo, kuna upande mwingine wa kuhesabiwa, na huo nilikumbushwa Ifakara mjini, siku moja kabla sijaondoka. Nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mtumishi wa umma. Tulipomaliza salamu akashusha sauti.

“Mwalimu, huwa ninakusoma. Ila ninatumia simu ya mke wangu.”

Nikacheka, nikidhani ni utani wa bando. Hakucheka.

“Nilitaka kukuuliza. Hivyo vyombo vyako vya kuhesabia wageni vinaonyesha kwamba ni mimi?”

Nilimjibu haraka kwamba hapana, jina halionekani. Lakini usiku, nilipolifikiria swali lake, nilitambua kwamba nimemjibu nisichokijua. Daftari la seva yangu lilikuwa na miaka minne ya maombi: anwani, tarehe, saa mpaka sekunde, ukurasa uliosomwa, aina ya simu. Jina halimo. Lakini mtu akisoma kutoka ofisi yenye anwani yake yenyewe, saa ambayo ofisini wamebaki wawili, hahitaji kuandikwa jina. Nami nilikuwa nimelirundika rundo hilo bila sababu yoyote, kwa kuwa tu hakuna aliyeniambia nilifute. Zaidi ya hayo, kihesabio nilichokuwa nimekipachika ni cha bure, na kampuni ya nje inayokitoa hupokea nakala ya kila hatua ya mgeni. Mimi niliyajua hayo kwa kiasi fulani. Msomaji wangu hakuyajua, wala sikumwambia.

Watu wa bonde hili wana sababu ya kuuliza, “Mnatuhesabia nini?” Wajerumani walizihesabu nyumba mwishoni mwa karne ya 19 ili wazitoze kodi. Kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, ninaikumbuka kwa macho yangu: wanaume wazima wakitokomea mashambani waliposikia kwamba wenye orodha wamefika. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipowataka wenye vibanda vya intaneti waweke kamera, ujumbe ulimfikia hata yule asiyewahi kuzisoma: unaposoma, kuna anayekutazama. Ndipo ninapomwelewa mtumishi wa umma anayeazima simu ya mkewe ili asome makala kuhusu magunia. Hajafanya kosa. Amejifunza tu kwamba kuhesabiwa kunaweza kuwa mwanzo wa kutajwa.

Tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022. Misingi yake ni rahisi kueleza: kusanya taarifa kwa kusudi linalojulikana, chukua kiasi unachokihitaji tu, usiikae nayo kuliko inavyohitajika. Nimewahi kuifundisha misingi hiyo darasani, nikitoa mifano ya benki, hospitali na kampuni za simu. Haikunipitia akilini kwamba mimi mwenyewe ni mkusanyaji.

Basi nilifanya yafuatayo, na ninayaandika hapa ili msomaji aweze kunihoji. Nimeking'oa kile kihesabio cha bure. Nimefuta daftari la miaka minne. Seva sasa huweka maombi kwa siku saba, kwa ajili ya ulinzi dhidi ya wavamizi, kisha hujifuta yenyewe. Ninachobaki nacho ni idadi ya kila ukurasa kwa wiki, bila anwani, bila mji, bila saa. Nimeweka pia, chini ya kila makala, nakala ya kurasa mbili iliyo tayari kuchapwa, yenye jina langu na herufi kubwa, ili kijana wa steshenari asipate taabu. Na bili ya tovuti nimeilipa.

Kwa wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina ombi moja. Mara nyingine mtakapoletewa ripoti yenye wageni elfu kadhaa, wafuasi elfu kadhaa au “wananchi waliofikiwa” laki kadhaa, msiulize kwanza kama namba ni kubwa au ndogo. Ulizeni aliyeikusanya aliona nini hasa: mtu, simu, au ombi la mashine? Ulizeni mkulima wa Katindiuka angeonekanaje ndani yake. Na ulizeni kama aliyehesabiwa angeridhika kujua kwamba amehesabiwa. Sensa ya mwaka 2022 ilituambia tuko 61,741,120, na namba hiyo ilipatikana kwa makarani waliotembea hadi mlangoni. Katika mambo madogo kuliko sensa tumezoea njia ya mkato, kisha tunapanga bajeti, tunachagua mada na tunawasahau watu kwa kufuata njia hiyo.

Sasa nirudi kwa mzee wa mashineni na kosa langu.

Mimi niliandika kwamba mkulima anapunjwa siku ya kuuza, pale gunia linapovishwa kilemba. Mzee alisema nimechelewa kufika. “Wewe umeanzia mashineni. Anza Februari,” akaniambia. Mwezi huo akiba imekwisha, mpunga bado mbichi, mtoto anatakiwa shuleni. Mwenye fedha anakuja, anakupa kidogo, mnakubaliana kwamba utamlipa gunia wakati wa mavuno. Bei hupangwa Februari, kwa njaa ya Februari. “Na gunia analokuja kulichukua Julai,” akasema, “hilo nalo ni lumbesa. Sasa mzani wako wa serikali utamsaidia nini mtu ambaye mpunga wake uliuzwa ukiwa bado majani?”

Sikuwa na jibu. Wiki tatu za utafiti, sheria niliyoisoma na mizani niliyoibeba havikunifikisha kwenye Februari. Hakuna jedwali la wageni lingeniambia hilo, hata lingekuwa na wageni milioni. Aliniambia msomaji ambaye hakuwahi kuifungua tovuti yangu, aliyesoma karatasi ya kubandikwa kwa kufuatisha kidole, huku akisubiri zamu.

Niliandika makala ya pili, nikaanzia Februari. Niliweka ndani yake maneno ya mzee, kwa ruhusa yake na bila jina lake, kama alivyotaka. Wiki mbili baada ya kuitoa nilitazama hesabu: 58. Nilijisikia mshtuko ule ule wa zamani, siwezi kudanganya. Kisha nikampigia simu kijana wa steshenari nikamuuliza ametoa nakala ngapi, na safari hii alikuwa amehesabu.

“Thelathini na nne, Daktari. Wengine wanadai, lakini karatasi zimeniishia.”

Nikamtumia fedha ya rimu moja.